Sarafu za Kaka Merle

Jumatatu, 3 Machi 2008
Theluji tena. Magoti yanauma. Wifi yangu Lavonne kapiga simu kabla sijamaliza kahawa. Bwana Ostergaard, mwenyekiti wa chama chetu cha wakusanyaji, atakuja kwake Jumamosi kukagua sarafu na noti za marehemu kaka Merle. Zikifaa, zitaingia kwenye kabati la kioo pale makumbusho ya wilaya, na jina lake juu. Miaka arobaini kaka alilitamani kabati lile! Lavonne anataka nimsaidie kuzipanga. Nimechoka, lakini ningesemaje?

Jumatano, 5 Machi
Nimekwenda. Lavonne kachangamka, mara ya kwanza tangu mazishi. Kanilisha makaroni ya jodari, kisha kaleta noti. Zile kubwa za zamani, tunazoziita blanketi la farasi. Nikaona zimenyooka mno. Kumbe kazifua na kuzipiga pasi! Moto mdogo tu, akasema. Dola moja ya 1896, yenye yule mama anayemwonyesha mtoto mji — imelegea kama leso.

Kisha sarafu. Trei mbili za nusu dola za ukumbusho, zinametameta.

"Nimemaliza kopo zima la dawa ya kung'arishia vijiko," akaniambia. "Watu walikuwa wanamcheka, wifi. Eti anakusanya vyuma vyeusi. Sasa waje waone."

Nikaitikia kwa kichwa. Mimi! Hakimu wa maonyesho ya sarafu miaka ishirini na sita, niliyewahi kumtoa mtu mashindanoni kwa sarafu moja iliyosuguliwa. Chamani kwetu mgeni wa siku ya kwanza anaambiwa hilo kabla hajapewa kiti: usisugue. Rangi ya uzee ikitoka hairudi, na thamani huondoka nayo. Lakini Lavonne nani alimwambia? Merle hakumruhusu hata kusogelea meza yake ya sarafu. Nimemkasirikia kaka leo, Mungu anisamehe.

Nimekula makaroni mara ya pili ili nisifungue mdomo.

Alhamisi, 6 Machi
Nimempigia Ostergaard. Nikauliza kijuujuu kama makumbusho wangepokea zilizosuguliwa. Akacheka. Hata za mama yake mzazi asingezipokea, akasema. Nimejitupa kitandani na viatu.

Jumamosi, 8 Machi
Saa nne asubuhi, mezani kwa Lavonne. Ostergaard anakuja saa sita. Njia nzima nilikuwa napanga maneno garini.

Nimekuta trei ya tatu. Haijaguswa! Ndiyo yenye zile bora, pamoja na nusu dola ya Columbus ya 1892, ya kwanza kabisa ya Merle, aliyopewa na baba. Ina zambarau ukingoni na kijivu katikati. Sijaona nzuri kuliko hiyo kwa mtu yeyote.

"Hizi nimekuachia wewe," kasema. "Wewe ndiye dada yake. Nilitaka na wewe umfanyie kitu."

Kanipa kitambaa. Kafungua kopo jipya. Kanieleza anavyofanya: kila asubuhi sarafu mbili, anasugua huku akizungumza na Merle, anamsimulia nani kapita na nani kaugua. Amesema ndicho kilichomtoa kitandani mwezi wote wa Februari. Kisha kaenda kumimina kahawa.

Nikisema, trei hii itapona, na atajua alichozifanyia zile mbili. Nikinyamaza, Ostergaard atasema, na yule hajui kusema polepole. Nimechoka kuwa mjuzi wa mambo haya. Natamani ningekuwa mjinga, nisugue tu.

Ameuliza kutoka jikoni kama nimeanza. Nimesema bado. Akauliza mbona. Nikachukua daftari hili.

Vikombe vimenyamaza. Amesimama mlangoni, mikono mitupu, anatazama kitambaa kikavu.

"Wifi," kaniuliza, "nimemharibia, sivyo?"

Bado naandika. Bado amesimama.