Zamu ya Mkwe

Jumatano, Kyimo. Mvua tangu alfajiri, na ukungu hata nyumba ya jirani siioni.

Nimemkosea baba yangu. Nimemshindisha njaa, na nilifanya hivyo huku watu wananipigia makofi.

Baba haoni tena. Kule Lufingo tulikotoka, dada yangu ndiye alikuwa anamlisha. Ilipokuja amri ya kuhamia vijiji vya Ujamaa, dada na mume wake wakapangiwa kijiji kingine, baba akaja huku na sisi wanawe. Kwenye mkutano nikasimama, mimi mwenyekiti wa kijiji, nikasema: hapa hakuna mzee wa mtu, wazee ni wetu sote, majirani wa kila mzee watampikia kwa zamu.

Lakini nyumba zinazopakana na ya baba ni zetu, mimi na wadogo zangu. Wake zetu ni wakwe zake. Na kwetu Wanyakyusa mke hamsogelei baba mkwe, hata jina lake halitamki.

Mke wangu aliniambia siku ile ile. "Baba Tumaini, unanituma kwa mkwe?"

Nikacheka. "Hayo ya zamani, mama. Sasa tunajenga taifa."

"Haya, jenga. Mimi nitaweka chakula mlangoni nikimbie."

Nilidhani anatania.

Leo nimepita kwa baba, nikakuta bakuli kwenye kizingiti, ndizi na maharage yamelambwa, limejaa maji ya mvua. Yeye yuko ndani, moto umezimika.

"Baba, hujala?"

"Nilisikia nyayo zinakimbia. Nikajua ni mkwe, nikanyamaza asiaibike."

"Akishaondoka si ungechukua?"

"Mpaka nipapase, mwanangu, mbwa kaniwahi. Nimemgusa mgongo, amenenepa kweli. Huyo ndiye anayefaidi Ujamaa wenu."

Akacheka. Mimi sikuweza.

Kwamba mzee atunzwe na kijiji, bado naamini ni jambo jema. Ila mila ile nimezaliwa nayo, naijua.

Nilisema ni wetu sote, kumbe nilitaka asiwe wangu.

Nikamchemshia uji, nikamlisha. Lakini nilifunga mlango kwanza, maana mwanaume kupika na kulisha huku ni kichekesho. Hata hilo nalikiri.

Jumamosi kuna mkutano. Nitapita katikati ya watu na bakuli mkononi, niingie kwa baba, niache mlango wazi, nimlishe mpaka ashibe. Wacheke. Ndipo nitoke nifungue kikao, niseme zamu ile niliipanga vibaya.