Kila Jumamosi Nainua Kadi ya Kijani

Mpendwa mshauri, naomba msaada maana kichwa kimejaa na sijui nianzie wapi. Mimi ni mwashi, shule niliishia darasa la tano, niko mbali na nyumbani mwaka wa tatu sasa, na huku watu wote wanasema Kihispania, kwa hiyo kila Jumamosi asubuhi naenda darasa la bure na vumbi la saruji bado liko kwenye nywele. Mwalimu wetu ni mama mpole, anatufundisha kwamba kabla ya kusoma habari tuangalie picha na kichwa chake, tukisie inahusu nini, tukikutana na neno gumu tutazame maneno yaliyo jirani nalo, kisha tusimulie kwa maneno yetu. Mwisho anauliza nani ameelewa, unainua kadi, kijani umeelewa, nyekundu bado, na mimi tangu siku ya kwanza nainua kijani, kwa sababu kazini mwenye kitambaa chekundu akikiinua kreni inasimama na kila mtu anamgeukia kwa matusi, basi mkono wangu umekataa nyekundu hata darasani.

Si kwamba sijui kitu! Maneno nimeyaandika kwenye mifuko ya saruji, mia tatu na kitu, uniulize msumari, ndoo, ngazi, nakutajia, ila yakipangwa kwenye habari nzima mara napatia mara sipatii, na siku hizi hata mwenyewe sijui lini nimeelewa na lini nimekisia.

Sasa mwalimu amenisifu kwa msimamizi wetu, na msimamizi anataka kuanzia Jumatatu niwasomee wenzangu wa lugha yetu karatasi ya kazi ya asubuhi, jukwaa lipi liko salama kupandwa na lipi bado halijafungwa. Wenzangu wameshaanza, "Profesa, shikamoo!" Mdogo wa mke wangu, ambaye mimi ndiye niliyemleta huku, hakucheka. Alisema tu, "Shemeji, ukisema tupande, mimi napanda." Nikikataa nitaumbuka, nikikubali je?

Profesa wa Kadi ya Kijani

*

Ndugu yangu Profesa, barua yako nimeipitisha mbele ya nyingine zote kwa sababu ya hiyo Jumatatu. Pole kwa uchovu, hongera kwa maneno mia tatu, na sasa nisikilize. Umemdanganya mwalimu ambaye wala hakutukani, na uongo huo unataka kupanda jukwaani pamoja na shemeji yako. Mkeo utamwambia nini? Kwamba ulikisia?

Wewe mwashi. Ukuta unautazama kwa jicho, unasema umenyooka, halafu unateremsha timazi uhakikishe. Kukisia ndilo hilo jicho. Timazi umeiacha darasani! Ukishakisia, rudi kwenye habari, uweke kidole kwenye sentensi iliyokuambia hivyo. Ukikosa pa kuweka kidole, hujaelewa, na hiyo ndiyo tofauti unayoitafuta. Na maneno yako usiyapange kama matofali yasiyo na ukuta, kila moja litungie sentensi ya kazini kwako.

Leo hii nenda kwa msimamizi. Mwambie kila asubuhi asome karatasi kwa sauti, wewe umsimulie ulichoelewa huku ukimwonyesha jukwaa lenyewe, na akikubali ndipo uwaambie wenzako. Akiona ni usumbufu, kazi hiyo iache. Jumamosi ijayo inua nyekundu, hata mkono ukikataa. Mwenye kitambaa chekundu hutukanwa, ndiyo, lakini jioni kila mtu hushuka kwa miguu yake mwenyewe.