Kompyuta ya Marehemu Imeungua

Kwako dada yangu uliyenitangulia kunyonya,

Shikamoo dada. Goti linaendeleaje? Na shemeji, kile kikohozi kimemwachia au bado kinawaamsha majirani? Huku sote wazima, mimi nakula vizuri na nalala vizuri, ila roho inachemka. Ukiona mwandiko unapanda na kushuka, usiseme ni kwa sababu niliishia darasa la nne. Ni hasira. Nimeshavunja kalamu moja.

Kompyuta ya marehemu mume wangu imeungua. Ile ya mezani, uliyoikuta sebuleni imefunikwa kitambaa changu cha kufuma, cha maua ya njano. Imeungulia mikononi mwa mkwe wangu, mume wa huyu binti yangu, mwanao. Walipohamia kwangu aliomba aitumie kuchorea ramani za nyumba za watu, nikasema sawa, kitu cha marehemu kifanye kazi kuliko kukaa bure. Lo!

Ngoja nikupe yote. Kompyuta imezeeka, ukiigusa inafikiria kwanza kama mzee anayeulizwa umri. Mkwe akawa ananunua mpya kipande kipande, leo boksi hili, mwezi ujao lile, anayapanga chini ya kitanda chao. Eti siku hizi mtu anaiunga mwenyewe, kama kabati. Kilibaki kipande kimoja, akasema hicho ndicho ubongo. Nikamwambia basi chini ya kitanda umelaza mtu asiye na akili. Akacheka. Huyo kila kitu anacheka, ndiyo maana ananiudhi.

Kabla ubongo haujapatikana, akapewa kazi ya kuchora zahanati, kubwa kuliko zote alizowahi kupata. Kompyuta inajikongoja. Ndipo akaamua kuipandisha mwendo. Alinieleza kwamba kila kompyuta imewekewa mapigo na walioitengeneza, kama moyo, na mtu akiingia kwenye mipangilio yake anaweza kuyaongeza, ikakimbia kuliko ilivyozaliwa, ila inapata joto. Nikamwambia hata mimi nikikimbizwa nitafika sokoni mapema, lakini kurudi mtanibeba. Akasema ndiyo maana anaongeza kidogo kidogo na kupima joto kila mara. Na kweli alikuwa anapima, anaandika kwenye daftari kama nesi. Akaifungua ubavu, akaielekezea feni ya mezani, kitambaa changu akakikunja akakiweka juu ya kabati.

Hapo hasira ndipo ilipoanza, sikufichi. Kompyuta ya marehemu ikae sebuleni tumbo wazi, nyaya nje, kila anayeingia anaichungulia! Marehemu alikuwa akimaliza kazi anaizima, anaifunika, ndipo anakuja kula. Nilisema, nikasema tena. Mwanao akanijibu nimwache mumewe afanye kazi. Mimi! Niliyembeba mimi!

Haya, ikakimbia, nisiseme uongo. Wiki tatu ilichapa kazi mpaka mkwe anapiga mluzi. Alhamisi iliyopita akaenda kupima kiwanja, akaiacha inatengeneza picha za zahanati, kazi ya masaa. Kurudi, harufu sebule nzima, kompyuta haiwaki, na michoro ya siku nne ilikuwa humo humo, hajainakili popote. Mwenye zahanati hakutaka maneno, kazi akampa mwingine.

Dada, nilimsema! Nilimsema mpaka mate yakakauka. Nikamwambia marehemu aliitumia miaka kumi na moja haikutoa hata moshi mwembamba kama sindano. Nikamwambia huo mkono wake ni wa kubebea matofali, si wa vitu vya watu wenye akili. Nikawapigia simu ndugu wote, nikampigia na jirani yetu tunayemwita Redio, na ukishamwambia Redio umemaliza mtaa. Mwanao akaniamini, leo siku ya tano hasemi na mumewe, wanapishana mlangoni kama wapangaji. Na mkwe unajua alifanya nini? Alipiga magoti! Akasema Mama nisamehe, nilipandisha kupita kiasi, kosa ni langu. Nikazidi kuwaka. Mwanaume gani hajitetei?

Jana katangaza kwamba kesho anarudisha maboksi yote dukani, kuchora basi, anarudi kwa mkandarasi wake wa zamani kubeba zege. Daftari kalitupa kwenye pipa. Nikaliokota, nikasoma kwa kidole ukurasa wa mwisho. Kaandika ya Alhamisi asubuhi: joto liko sawa, feni isiguswe, nimemwambia Mama.

Dada, aliniambia. Mtu wa kwanza kukiri kwake ni wewe. Alhamisi hiyo kikundi changu cha kufuma kilikuwa kinakuja kwangu. Niliona aibu wakute lile tumbo wazi. Kioo kilikuwa cheusi, nikajua imelala. Nikakishusha kitambaa kabatini, nikaivalisha vizuri, nikavuta pembe zikae sawa, na feni nikawageuzia wageni maana Redio anatoka jasho hata akikaa. Tukakaa tunafuma na kumsema huyo huyo mkwe. Redio akasema kuna kitu kinaungua, nikakimbilia jikoni! Nikafunua masufuria yote, hakuna. Nikarudi tukaendelea kucheka. Walipoondoka nikainua kitambaa, chuma kina joto kama pasi, na ua moja la njano limekuwa kahawia. Feni nikairudisha ilivyokuwa. Kitambaa nikakisukuma chini ya godoro langu. Mkwe aliporudi na kupiga magoti, mimi nilikuwa nimeshaanza kupiga kelele, na kelele zangu hazina breki, unanijua.

Hasira yote niliyokuandikia humu, anayeistahili ni mimi. Najiona mchafu. Mdomo huu unaosema ya watu wote, la kwangu umeshindwa.

Msalimie shemeji, wabusu wajukuu, goti likandwe kila asubuhi usilionee huruma.

Ni mimi mdogo wako,
Cherehani.

Dada, bahasha utaiona imebandikwa utepe. Nilimpa mkwe aipeleke posta, nikaiacha wazi makusudi ili achungulie asome mwenyewe, nami nisalimike na kusema. Akailamba akaifunga, akasema barua ya Mama haisomwi na mtu. Nimemnyang'anya nimeichana. Nimemwita na mwanao. Wamekaa hapa, huyu kona hii, yule kona ile, na kitambaa nimekiweka mapajani mwa mkwe. Anazungusha kidole kwenye lile ua lililoungua, anauliza, Mama, hiki kimeungulia wapi? Redio nitampigia baadaye. Sasa naweka kalamu chini, niwasomee.