Mikono ya Mama

Jumamosi, 7 Machi 1857
Nimerudi kutoka mahakama ya Rouen. Kesi tatu, zote wizi wa kuku. Gazeti ninaloliandikia litazipa mistari sita. Nyumbani kuna kesi kubwa zaidi. Mke wangu Zélie anamchora mama yangu akifua, jinsi alivyo, ili picha iende kwenye maonyesho ya Paris. Leo Mama kaja kuchorwa amevaa gauni la kanisani na kofia ya lesi. Mbele ya beseni la kufulia, lenye maji ya majivu! Zélie akamwomba avae aproni ya kazi. Mama akauliza, ni lini Zélie aliona Bikira Maria kachorwa na madoa?

Jumanne, 10 Machi
Aproni amekubali. Sasa anataka jino lichorwe kwenye pengo. Zélie kakataa — anachora anachokiona. Basi Mama kafunga mdomo. Saa tatu bila neno! Sijawahi kushuhudia. Mezani tu ndipo akaufungua, akamwambia Zélie: "Kula, we mwiko, usije ukanidondokea kwenye supu."

Alhamisi, 12 Machi
Mama kasema picha haitoki kabla hajaiona. Isipompendeza, itaingia jikoni kama kuni. Mwenye uso ni yeye. Majaji wa maonyesho wanafunga mlango Jumatatu. Lubin mchukuzi na gari lake la farasi wanakuja kesho asubuhi kuipeleka picha stesheni. Mara mbili majaji wamemrudishia Zélie kazi zake. Leo hakula.

Ijumaa, 13 Machi
Naandika nimesimama. Lubin yuko mlangoni.

Mama ametazama picha muda wa kumenya viazi vya watu watatu. Uso — kaupita. Pengo — kalipita. Kisha: "Mikono hii ya nani?"

"Yako, Mama," Zélie akasema.

"Yangu wapi! Hii ya mke wa hakimu. Miaka arobaini ya maji ya majivu, vifundo vyangu umevipeleka wapi?"

Nikatazama. Kweli. Zélie, asiyempunguzia mtu hata chunjua, kamlainishia Mama vidole vyote kumi. Akawa mwekundu hadi shingoni. Akasema aliogopa kumuumiza.

"Vimeshauma, mwanangu. Chora."

Lubin anapiga kelele kwamba treni haisubiri dobi. Mama kamjibu aingie anywe kahawa, aache kutisha farasi. Amekunja mikono ya gauni, ameketi, ameweka mikono magotini, viganja chini. Zélie anachanganya rangi. Nyekundu. Kijivu kidogo. Mama anasema bado, ongeza — hiki kidole cha shahada hakikunjiki tangu kabla sijaoa. Naacha hapa, nikammiminie Lubin kahawa.