Mshale wa Kalenda

Jumatatu, 3 Machi

Mwalimu wa kompyuta ametupa kazi ngeni. Kila mmoja amtafute mtu wa nyumbani, ampe ukurasa wowote wa mtandaoni aujaze, halafu akae pembeni atazame. Asimsaidie! Hata kwa kukohoa. Mikono tuikalie, amesema. Tuandike kila anapokwama, maana hapo ndipo mtengenezaji alipokosea.

Darasa zima likacheka. Sisi tumelelewa kumpokea mkubwa mzigo, si kumtazama akihangaika nao.

Nimelifikiria jambo hilo njia nzima. Chumba cha kompyuta kina swichi nne ukutani, zinafanana kama mapacha. Ya feni ni ya tatu. Zamani kila siku mtu alizima taa kwa bahati mbaya. Kisha mtu akaipaka ile ya feni rangi ya kucha — tangu hapo hakosei mtu. Aliyeipaka ni mbunifu, ingawa hajui. Nami nataka kuwa mbunifu. Nimeandika hapa tu, sijamwambia mtu.

Jumanne, 4 Machi

Nimemchagua Mama. Ukurasa ni ule wa zahanati, wa kuomba nafasi kwa daktari wa macho. Daktari huja mara moja kila miezi minne, na maombi yanafungwa Ijumaa hii saa sita mchana. Mama ni fundi cherehani. Siku hizi mimi ndiye ninayemtungia uzi kwenye sindano.

Alisita. Mara ana suruali ya mteja, mara kichwa kinamgonga. Nikambembeleza mpaka akakubali.

Jina, sawa. Namba ya simu, sawa. Tarehe ya kuzaliwa — ikafunguka kalenda ya mwezi huu, na mshale mmoja mdogo wa kurudi nyuma. Mama akaubonyeza. Februari. Januari. Desemba. Mwezi kwa mwezi! Na amezaliwa mwaka wa sabini na moja.

Nikaikalia mikono yangu.

Alibonyeza kwa utulivu ule ule wa kupinda nguo. Hapa ulianza shule, ananiambia. Hapa ndipo tulipohamia. Akanipita mimi nikiwa mchanga, akaendelea. Alipofika 2001, ukurasa ukajifunga wenyewe. Dakika kumi zinazoruhusiwa zimekwisha.

"Leo nimecheleweshwa na maneno," akasema. "Wiki iliyopita nilifika tisini na nane."

Wiki iliyopita?

Ndipo akafunguka. Amejaribu peke yake siku tatu. Siku ya tatu, alipoona ukurasa unataka kumfungia tena, akachagua tarehe aliyokuwa ameifikia, akatuma. Alidhani wataona wenyewe na kurekebisha. Jibu likaja: daktari anawaona wenye miaka arobaini na zaidi. Akalinyamazia.

"Mimi ndiye mjinga, mwanangu. Hilo usiliandike."

Kwa hiyo zahanati inajua Mama ana miaka ishirini na sita. Kaka yangu ana ishirini na minane! Tulicheka mpaka tukashika mbavu. Kisha nikatoka uani kuanua nguo. Zilikuwa hazijakauka.

Jumatano, 5 Machi

Nimehesabu. Kutoka mwezi huu hadi mwezi aliozaliwa Mama ni kubonyeza mara 646.

Na nimegundua jambo. Ukiugusa mwaka wenyewe, pale juu ya kalenda, miaka yote inafunguka kama orodha. Kugusa mara moja tu! Lakini hakuna alama yoyote ya kukuonyesha. Umeandikwa kama pambo. Nani atagusa pambo?

Mwalimu alisoma ripoti yangu, akavua miwani. Kisha akasema niwaandikie zahanati na niambatanishe mchoro. Nimechora visanduku vitatu: siku, mwezi, mwaka. Unaandika namba, basi. Nilikuwa nimeweka na ua pembeni. Nimelifuta.

Jioni nilimwambia Mama kosa si lake. Akatikisa kichwa — mbona wenzake wanaweza? Nikamuuliza: blauzi ikimbana mteja, humwambia akapunguze mabega?

Cherehani ikasimama.

"Nafumua," akasema polepole. "Nafumua, mwanangu. Ni mkasi wangu uliokosea."

Alhamisi, 6 Machi

Barua nimeipeleka. Karani wa zahanati hakuifungua. Amesema mfumo hauna tatizo, watu ndio hawasomi maelekezo. Kuweka tarehe ni sekunde mbili, na amezidiwa na kazi. Nikashukuru, nikaondoka. Hasira ninayo, ila ni ya adabu.

Imebaki kesho tu.

Ijumaa, 7 Machi

Mwalimu amenipa ruhusa. Naandika nikiwa kwenye benchi la zahanati, mbele ya dirisha la karani.

Mama ndiye aliyezungumza. Sikutegemea! "Kijana wangu, nimekuja kuchukua miaka yangu ishirini na saba. Mmenifanya mdogo kuliko mwanangu wa kwanza." Foleni nzima ikaangua kicheko. Karani naye akatabasamu, akafuta usajili wa zamani, akamwambia ajaze upya kwenye simu.

Mama akamsukumia simu. "Jaza wewe, baba. Macho ndiyo yaliyonileta hapa."

Karani anajaza. Kumbe hajawahi kuuona ukurasa huu! Yeye huletewa orodha tu. Jina, namba, tarehe — kalenda. Anabonyeza mshale. Anabonyeza haraka sana.

Saa sita kasoro robo. Usajili wa zamani umeshafutwa. Huu mpya usipokwenda, Mama hana nafasi mpaka miezi minne ipite.

Najua pa kugusa. Nimenyanyuka — Mama amenivuta sketi, akanikalisha. Hajanitazama. Anamtazama karani.

Kasoro kumi na mbili. Mzee mmoja kwenye foleni ameuliza kulikoni. "Subiri kidogo, mzee, niko 2009," karani amejibu. Kisha kidole chake kimesimama hewani. Kama mtu aliyejisikia mwenyewe.

"Mama, wewe ulifika mwaka gani?"

"Tisini na nane."

"Kwa mara moja?"

"Siku ya tatu."

Amevuta kiti, amekaa. Habonyezi tena. Anaikagua kalenda kona kwa kona, midomo ikicheza. Kasoro kumi. Mama bado ameshika sketi yangu. Kidole cha karani kimepanda juu, kimeuzunguka mwaka, kimeshuka. Kimepanda tena —