Amri Niliyompa Barasa

Jumapili, 4 Januari. Al-Sulay, Riyadh

Baridi. Nilipokuja hakuna aliyeniambia kwamba Riyadh ina baridi ya kuuma masikio. Paredi ya walinzi asubuhi, kama kawaida. Viatu vya Otieno vimepauka, nimemrudisha akavipige rangi. Wananung'unika chini chini kwamba hili ni ghala la vigae, si kambi ya jeshi. Najua. Sijui kusimamia watu kwa njia nyingine.

Mchana redio ya Otieno iliisha chaji. Amri yangu ya mwisho kwake ilikuwa abaki lango la nyuma. Akabaki. Wenzake wakala, zamu ikabadilishwa, yeye yuko pale pale anapigwa na upepo. Nilipomkuta midomo ilikuwa imempasuka.

"Si ni wewe Kapteni ulisema redio ikinyamaza, amri ya mwisho ndiyo amri? Basi nimekaa."

Nilicheka. Nilifurahi pia, sitajidanganya. Jambo hilo nililifundisha jeshini miaka yote na bado linafanya kazi.

Nyumbani vijana wameingia barabarani tena. Wanataka serikali iondoke. Binti yangu Wakesho anasema yuko hosteli, anasomea mtihani.

Jumanne, 6 Januari

Barasa amepiga simu. Luteni Barasa, niliyempokea kikosini akiwa ametoka tu chuo cha kijeshi. Yule wa kuchambua vitunguu na kuvitoa kwenye sahani, kimoja kimoja, hata tukiwa porini na njaa inatuua. Sasa ana platuni yake. Wamepelekwa mjini kwetu kuwasaidia polisi.

Hakuzunguka. "Afande, wakiniambia nifyatue?"

Nimevua magwanda zamani na bado ananiita Afande. Kichwa kilinivimba. Nikamwambia amri ni amri, asiniulize maswali ya kuruta. Akasema sawa Afande, akakata.

Ilikuwa raha kuulizwa. Hapa naulizwa funguo za choo.

Alhamisi, 8 Januari. Al-Safa, Jeddah

Bosi amenipandisha ndege asubuhi. Dereva wa dada yake amekwenda likizo na mimi nina leseni. Yalla, haya twende, Captain, siku chache tu, akasema. Madam ana gari kubwa jeupe na meno mabovu. Nampeleka kwa daktari wa meno, namngoja, namrudisha. Kapteni mzima.

Otieno amenitumia video. Umati kwenye raundabauti ya soko, mjini kwetu. Msichana amebebwa mabegani, anapunga bendera. Amevaa jaketi la mvua la kijani lenye kiraka cha kahawia kiwikoni.

Kiraka hicho nilikishona mimi. Jaketi ni langu. Msichana ni Wakesho.

Otieno hajui. Ameandika tu: "Kapteni, cheki huyu dem, ako na roho."

Niliitazama mpaka madam akagonga kioo cha gari. Nina hasira. Mtoto amenidanganya mchana kweupe. Chini ya hasira kuna kitu kingine, sitaki kukiangalia.

Ijumaa, 9 Januari

Wakesho ameshika simu. Nimemfokea. Nimemwita mjinga, nimemwambia arudi hosteli mara moja. Nyuma yake kelele, filimbi, watu wanaimba. Hakuomba radhi.

"Baba, kama unataka kunitoa hapa, kuja unitoe."

Akakata. Mama yake angekuwa hai angejua la kusema. Mimi najua kuamrisha, basi.

Nilikuwa nimeshaanza kuosha gari ndipo akili iliponirudia. Nikaacha maji yanamwagika. Raundabauti ile ile, Barasa yuko upande mmoja na mwanangu yuko upande wa pili.

Simu ya Barasa imezimwa. Nikamwandikia: usifyatue, binti yangu yumo humo. Nikafuta. Wale wengine nao ni binti za watu. Nikaandika: usifyatue. Nikatuma, ujumbe haujafika. Tiki moja. Nimempigia Wakesho tena, hapatikani. Wanasema mtandao umezimwa nchi nzima.

Redio imenyamaza. Na amri yangu ya mwisho Barasa anayo.

Jumamosi, 10 Januari

Nimemwomba bosi ruhusa ya kutoka nchini. Yeye ndiye kafili wangu, mdhamini wangu hapa, asipoiomba yeye sivuki uwanja wa ndege. Mafi, hakuna, amesema. Mwezi ujao. Nikamwambia binti yangu yuko hatarini. Akasema Mungu atamlinda. Kisha akauliza kama dada yake amemaliza meno.

Si mtu mbaya. Nilitaka kuitupa simu baharini.

Na hata angenipa ruhusa, ningefika lini? Ningefanya nini? Kusimama katikati nipige kelele kwamba nimebadili mawazo?

Tiki moja.

Jumapili, 11 Januari

Tiki moja. Nimeosha gari, nikaliosha tena. Nimepanga viatu vya familia nzima mlangoni kwa mstari, vikubwa kwa vidogo. Kijakazi amenitazama kama mgonjwa.

Nimepita taa nyekundu. Lori lilitukosa kidogo. Madam hakupiga kelele. Alisema, "Shwaya shwaya, polepole, Captain. Una nini?" Nikasema sina kitu. Nikaegesha kando. Akanipa chupa yake ya maji akangoja.

Redio ya gari imesema kuna waliokufa nyumbani. Hawakutaja mji.

Namchukia Barasa kwa kunipigia. Najichukia zaidi. Angeweza kumuuliza mtu yeyote, akaniuliza mimi, na mimi nikajibu ili nijisikie mkubwa.

Jumanne, 13 Januari

Mtandao umerudi. Ujumbe wa kwanza ni wa Wakesho: niko salama, simu iliibwa, hii ni ya rafiki yangu, nitakupigia. Nilikaa chini kwenye lami ya maegesho. Mlinzi wa hospitali akaja kunihamisha. Nikamwambia halas, basi, naondoka, na sikuondoka.

Kisha akapiga Sajini Mutiso wa platuni ya Barasa. Naye alipita mikononi mwangu. Amenieleza yote bila kupambapamba.

Jumamosi umati ulisogea. Amri ya kufyatua ilikuja redioni, ikarudiwa. Barasa akatoka mbele ya askari wake, akawageukia wao, mgongo akawapa waandamanaji. Akasema hakuna anayefyatua kabla yake. Kisha akasimama vile vile, bastola haikutoka mfukoni mwake. Mawe yakamwangukia, hakugeuka. Askari wakabaki wanamtazama. Hakuna aliyefyatua. Mjini kwetu hakuna aliyekufa.

Jioni wakamchukua. Yuko mahabusu ya kambi, anangoja mahakama ya kijeshi.

Maneno yale nayajua. Ni yangu. Tulikuwa mpakani, kumepambazuka na ukungu, tukasikia vishindo vinakuja. Nikasema hakuna anayefyatua kabla yangu. Barasa alikuwa mwisho wa mstari, meno yanagongana. Walitokea wachungaji na ngamia wao, na mtoto amelala juu ya ngamia.

Nikamuuliza Mutiso kama Barasa alipata ujumbe wangu. Ujumbe gani, akasema. Simu walinyang'anywa wote tangu Jumatano. "Lakini aliniachia neno la kukuambia, Afande. Alisema ile ya kwenye simu hakuihesabu. Ulishakuwa raia, na raia hatoi amri. Amri yako ya mwisho ni ile ya mpakani."

Nilimshukuru. Sikumbuki nilisema nini kingine. Madam alitoka na shavu limevimba, tukarudi nyumbani polepole.

Ijumaa, 16 Januari

Asubuhi tulivu. Familia imelala. Nimekaa chumba cha dereva, chai iko mezani.

Wakesho amepiga. Hatukugombana. Sauti imemkauka kwa kuimba. Amenisimulia siku ile, nami sikumkatiza. Amesema kulikuwa na ofisa aliyewapa mgongo. Walidhani anawapanga askari wake tayari kwa kufyatua. Yeye alikuwa karibu. Aliokota jiwe akamlenga, likampata nyuma ya sikio. Aliiona damu ikiingia kwenye kola. Yule mtu hakugeuka. Tangu siku hiyo halali vizuri.

"Baba, wewe unawajua maofisa. Unaweza kujua ni nani?"

Ningeweza kusema sijui. Nikamwambia anaitwa Barasa. Nikamwambia yuko wapi, na kwamba nilimfundisha mimi. Nikamwambia pia alichoniuliza kwenye simu na nilichomjibu. Hilo lilikuwa gumu kutoka.

Nilimsikia anapumua. Nilidhani atakata, na sikuwa na la kumlaumu.

Kisha akauliza kama pale kambini wanaruhusu mtu kupeleka chakula. Nikasema Jumapili, mchana, aende lango kubwa na kitambulisho, amtafute Sajini Mutiso.

Akaniuliza anakula nini. Chochote, nikamwambia. Asitie vitunguu tu.