Ifunue Ile Meza, Baba

Kwa Baba yangu mpendwa,

Shikamoo Baba. Natumaini barua hii inakukuta umekaa kwenye kile kiti chako cha karibu na dirisha, mguu umeunyoosha, na kiuno kimekupa nafasi ya kupumua. Mama naye mpe shikamoo yake, umwambie ile sweta aliyonifumia bado ndiyo ninayovaa asubuhi, ingawa viwiko vimeshatokeza. Dada, ambaye najua ndiye anayekusomea, namsalimu pamoja na wanawe. Mimi ni mzima kwa kadiri ya mtu anayeamkia kazini na kurudi chumbani kulala tu.

Usishtuke ukiambiwa kwamba mwandiko si wangu. Kazi imenichosha, nimemwomba mwenzangu wa chumbani aandike ninavyosema. Tunamwita Redio kwa sababu hazimwi. Shule amesoma kuliko mimi, maana unakumbuka mimi niliondoka darasani bado nagombana na herufi zikae kwenye mstari. Nimemwambia aandike maneno yangu kama yalivyo, asiyapambe. Amekubali, ila hilo la kutozimwa amelipinga, anasema nyumbani kwao anajulikana kama mtu mpole.

Barua yako niliipata na nimesomewa zaidi ya mara moja. Umeniuliza nitarudi lini kuishika karakana, kwa sababu kiuno hakikubali tena uiname kwenye jiliwa kuubana mti. Umesema meza yangu ya kuchongea mipini ipo pale pale, umeifunika turubai, na hakuna aliyeigusa tangu nilipoondoka. Umesema pia Dada aliiomba na ukamkatalia, kwamba yeye ni wa kupiga msasa tu na meza ni ya kaka yake. Kilichonikaa rohoni ni kwamba maneno hayo aliyaandika yeye mwenyewe kwa mkono wake, wewe ukisema. Jibu lako nitakupa, Baba. Niache kwanza nifike polepole.

Mama aliuliza ni kazi gani hasa ninayofanya, maana Mjomba amewaambia watu kwamba nakimbilia mipira ya matajiri. Mwambieni Mjomba mipira sijaikimbilia hata siku moja. Miaka yote ya kwanza nilikuwa wa majani. Uwanja wa gofu ni majani, Baba, majani mpaka macho yachoke, na yote yanataka kunyolewa kama kichwa cha askari. Zile sehemu za tambarare zina mashine za kukalia. Sisi wa miteremkoni na kandokando ya miti tulibeba mashine begani, inaunguruma na kutetemeka tangu asubuhi mpaka jioni. Ukiizima, mikono inaendelea kutetemeka yenyewe. Tulikuwa tunacheka wakati wa chakula, kijiko kinagonga sahani, tunaambizana kwamba tunapiga ngoma.

Baadaye msimamizi akanihamishia chumba cha fimbo. Gofu inachezwa kwa fimbo, na kila fimbo ina kichwa cha chuma chini na mpini wa mpira juu. Hapo ndipo nilipokukumbuka sana. Nilivuka nchi na nchi kuikimbia mipini yako ya majembe, nikaja kukuta mipini mingine inaningoja.

Na kazi ni ile ile, usidanganywe na zulia la mlangoni. Wanaokuja kwetu wengi si mabingwa, ni watu wa kucheza siku za mapumziko, na wengi hufika wamebeba mfuko umejaa fimbo kama kuni, wamenunua kila kilichong'aa dukani. Mwalimu wa pale, mama mmoja mkavu wa maneno, huwaambia warudishe nusu. Anayeanza zinamtosha chache, moja ya kupigia mbali, mbili tatu za katikati, moja ya kuutoa mpira mchangani na moja ya kuusukumia shimoni. Halafu anawaleta kwangu niwapime. Namsimamisha mtu wima, mikono aiachie, napima kutoka sakafuni mpaka kwenye kifundo cha mkono, ndivyo unajua urefu. Si ndivyo ulivyokuwa ukiwasimamisha wateja pale mlangoni kabla ya kukata mpini wa jembe? Unene nao unapimwa kwa kiganja. Mtu akishika, ncha za vidole ziguse kidogo tu mzizi wa kidole gumba. Mpini ukiwa mnene kwake, mkono unakakamaa, ukiwa mwembamba anaubana mpaka mpira unakwenda kwa jirani.

Kuzitunza ndiyo kazi kubwa. Nazisugua nyuso za vile vichwa vya chuma kwa brashi na maji ya vuguvugu yenye sabuni kidogo, maana zimechimbwa vijistari, na udongo ukikauka humo mpira hauendi ulikotumwa. Kisha nazifuta mpaka zikauke kabisa, zisipate kutu. Mipini naiosha kwa kitambaa, jasho la watu lina mafuta. Na kila siku nawasihi wasiache fimbo kwenye buti la gari juani, gundi inalainika na kichwa kinachomoka. Wanaitikia ndiyo ndiyo, kisha wanakwenda kuzifungia huko huko. Mpini ukishazeeka ukawa unateleza, naukata kwa wembe, nafunga utepe wenye gundi pande mbili, nalowesha petroli kidogo na kusukumiza mpya.

Kuna mteja mmoja tunamwita Bwana Mpya. Ana duka la miwani, mtu mwema, mwenye tumbo lililotangulia. Kila mwezi alikuja na fimbo mpya. Mpira ukienda vichakani, fimbo ni mbovu. Ukienda majini, fimbo ni nzito. Nikimwambia hii ni dada yake ile ya mwezi uliopita, ananiambia mimi ni mtu wa kuosha, nioshe. Redio, ambaye naye ni wa chumba cha fimbo, alikuwa akimuuliza kwa adabu zote kama amewahi kujaribu kubadilisha mchezaji. Bwana Mpya mwenyewe alicheka mpaka akashika ukuta.

Baba, mimi nami nacheza. Usimwambie Mjomba. Siku ambayo uwanja umefungwa kwa wateja, sisi wafanyakazi tunaruhusiwa mashimo ya nyuma. Fimbo zangu nimeziokota kwenye pipa la zilizotupwa, kila moja na mama yake. Nilizichagua kama ulivyonifundisha kuchagua mti, nikainamisha jicho kwenye mwanzi wake, ule mwili mrefu wa fimbo, kuona kama umepinda, nikagonga kusikia kama kichwa kimelegea. Zilizokuwa ndefu nilizikata. Nikazivika mipini niliyoibakiza. Siku ya kwanza mpira uliponyooka angani nilijisikia mtu, Baba, kwa mara ya kwanza tangu nifike huku.

Sasa mwaka huu, tukiwa tunacheza, fimbo ikanichomoka mkononi. Mpira ulibaki pale pale, fimbo ikaruka ikatua juu ya bati la kibanda cha mtunza pampu, naye akatoka nje anauliza nani anabomoa. Wenzangu wakagaagaa kwa kicheko. Redio akasema nimepiga mbali kuliko wote, tatizo ni kwamba nimekosea cha kupiga. Nikacheka nao. Niliporudi chumbani niliutazama mpini, nikaona umechakaa, nikaweka mpya.

Ikachomoka tena. Nikasema mpini ni mwembamba, nikafunga utepe mara mbili chini yake uwe mnene. Ikachomoka. Nikasema ni petroli haikukauka, nikaacha fimbo ikae juma zima. Nikanunua glovu. Nikabadilisha mpira wa mpini nikaweka ule wa uzi uzi unaokwaruza. Nilikuwa nabadilisha mipini kama Bwana Mpya anavyonunua fimbo, na bado kila alipopita nilimcheka moyoni. Kazini nako fimbo za watu zikaanza kuniponyoka kwenye karo la kuoshea, na mwalimu akaniuliza nina ugomvi gani na mali za watu. Nikamjibu sabuni mpya ni ya kuteleza.

Bwana Mpya ndiye aliyeona. Alinikuta namwekea mpini kwenye fimbo yake, nao haukai sawa, nauzungusha na kuuzungusha, huku wembe umenikata kidole na damu inadondoka kwenye meza. Mimi sikuwa na habari. Akaniuliza kama siumii. Nikatazama, nikaona damu, nikaona aibu, nikasema wembe huu ni mbovu. Hakucheka. Akasema kazi yake yeye, pale dukani kwa miwani, ni kuwapokea watu wanaolalamika kwamba siku hizi magazeti yanachapwa kwa wino hafifu. Akaniambia nifumbe macho, nifungue kiganja, kisha akaweka kitu humo na kuniuliza ni nini. Nikasema ni kile kijiti wanachosimamishia mpira. Akaweka kingine, nikasema ni sarafu. Aliponiambia nifumbue macho, kiganja kilikuwa kitupu. Mara zote mbili hakuwa ameweka kitu chochote.

Alinipeleka mwenyewe kwa daktari, kwa gari lake, na buti lilikuwa limejaa fimbo juani, lakini siku hiyo sikumsema. Daktari akanichoma sindano vidoleni mimi natazama dirishani. Akaniuliza nimeshika mashine za kutetemeka kwa muda gani, nikamwambia ni miaka yangu yote ya majani. Akasema mtetemeko ule umeua mishipa inayopeleka habari. Ndiyo maana asubuhi za baridi vidole vinakuwa vyeupe kama vya maiti. Nilimuuliza dawa. Akasema nisishike mashine tena ili isizidi, lakini kilichokwenda kimekwenda. Mikono yote miwili.

Basi sasa umejua, Baba. Niliposema nimechoka ndiyo maana sikuandika mwenyewe, nilikuficha. Kalamu inaniponyoka. Redio ndiye anayenifunga vifungo vya shati asubuhi, na kwa hilo hatangazi popote. Hapa ameacha kuandika, anajifanya kalamu imegoma. Nimemwambia aendelee.

Nilijaribu kabla sijakujibu. Nilitafuta kipande cha mti kwenye mabaki ya fundi wa viti, nikatoa kile kisu chako kidogo ulichonipa siku ya kuondoka, nikakaa nichonge mpini kama zamani. Wewe ulinifundisha kwamba mpini hauonwi kwa macho, unapitishwa kiganja, na kiganja ndicho kinachosema hapa bado. Baba, nilipitisha kiganja na hakikusema kitu. Nilisugua mpaka nikaona kibanzi kimesimama kwenye nyama yangu, na mti ule kwangu ulikuwa sawasawa na kioo.

Kwa hiyo jibu langu ni kwamba nitarudi, ila si kwenye ile meza. Mkataba wangu ukiisha hawataniongeza, msimamizi amekwisha kusema kwa upole. Nitarudi kukaa nawe. Nitaweza kubeba magogo, kuongea na wateja, kusimamisha mtu mlangoni na kumpima kwa macho. Mpini wa kumkabidhi mtu akalimie, huo sitautoa tena, nisije nikamchana mama wa watu kiganja.

Dada, hapa soma kwa sauti ile ile, usiruke wala usipunguze. Baba, meza mpe Dada. Mimi nilipokuwa karakanani, mipini ambayo wateja waliirudia na kuisifu, mingi ilikuwa imemalizwa na yeye. Tulikuwa tukichonga mimi na wewe, yeye akipiga msasa, na tukaona msasa ni kazi ya kumalizia. Kumbe ndiye aliyekuwa akishika kila mpini mwisho kabla haujatoka mlangoni. Kiganja chake kinasema. Usimtunzie meza mtu ambaye mikono yake haijui hata kama imeshika sarafu.

Kisu chako nimekifunga kwenye kitambaa, kimo ndani ya kifurushi kilichokuja na barua hii. Ni cha Dada. Nimekipaka mafuta kisipate kutu njiani.

Na ombi langu moja, Baba. Usinisubiri nifike ndipo uifunue meza. Ifunue sasa. Nikifika nikute mabanzi yake yamejaa juu na chini, zana zimewekwa anavyopenda yeye, na mtu ananiambia nisogee nisimzuie mwanga. Hilo nitaliweza. Turubai silitaki kuliona.

Mpe Mama pole kwa niaba yangu, ukae naye karibu wakati anapoambiwa. Watoto wa Dada wabusu. Majirani wanaoniulizia waambie nipo, nakuja. Redio anakusalimu na anasema pole, Mzee. Hapo chini sikutaka aandike yeye. Nimeishika kalamu kwa ngumi, mikono yote miwili, nikaweka ile alama yetu tunayoikata kwenye kila mpini, mikato miwili na mstari. Imekwenda upande. Dada ataikata vizuri.

Ni mimi, mwanao wa kiume,

/ /__